Mdogo Wangu Amekataa Kula: Je, Kosa Ni Langu?

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, na ninamlea mdogo wangu wa kike mwenye miaka 18 tangu wazazi wetu walipofariki. Mwezi Januari alijiunga na mfungo wa kanisani. Mfungo uliisha, yeye akaendelea. Anatupikia vizuri sana, lakini tukikaa kula anasema ameshakula, au anakatakata chakula vipande vidogo na kukizungusha kwenye sahani. Baadhi ya usiku namsikia yuko jikoni peke yake, anakula kwa haraka, kisha anatapika. Amekonda sana na hajaona siku zake kwa miezi minne. Tumepima VVU, kifua kikuu, sukari na ujauzito, hana kitu. Shangazi zetu wanasema mimi ndiye niliyemsimanga chakula alipokuwa mdogo. Baba mdogo anasema amechezewa. Majirani wanasema ni simu na kuiga Wazungu. Mwenyewe anasema haumwi. Naomba ukweli: nani amesababisha haya?

Jibu: Dada yangu, pole kwa kumlea mdogo wako katika hali hiyo, na pole zaidi kwa maneno unayotupiwa. Siwezi kuthibitisha kwa maandishi ugonjwa wa mtu nisiyemwona, lakini mambo uliyoyaeleza, yaani kujinyima chakula kwa miezi, kula kwa siri na kujitapisha, kukoma kwa hedhi na kukana kwamba kuna tatizo, yanafanana mno na ugonjwa wa ulaji uitwao anoreksia nevosa, hasa aina yake inayoambatana na kula kupita kiasi na kutapika. Kuhusu nani amesababisha, nitakujibu waziwazi. Hakuna mtu mmoja aliyeusababisha, na wewe hukuusababisha. Ugonjwa huu hupata mwanya katika maumbile ambayo mtu amezaliwa nayo, huamshwa na jambo fulani la maisha, kisha njaa yenyewe huushikilia usiondoke. Sehemu hii ya mwisho haijatajwa na yeyote katika ukoo wenu, nami ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo mnayoweza kuibadilisha kuanzia wiki hii.

Nianze na masimango, maana naona ndiyo yanayokuumiza. Sitasema kwamba maneno hayana madhara. Mtoto yatima anayehesabiwa matonge hujifunza kula kwa woga, na kama maneno ya namna hiyo yaliwahi kutoka kinywani mwako siku ya shida, kumwomba radhi ni jambo jema na lina thamani yake. Hata hivyo, watoto wengi mno katika nchi hii wamelelewa kwa masimango na hawakupata ugonjwa huu, na wapo mabinti waliolelewa kwa upole na kwa sahani iliyojaa ambao wameupata. Hata sisi wataalamu tuliwahi kuwabebesha ndugu lawama hizo. Katika miaka ya 1970 ilifundishwa huko Ulaya na Marekani kwamba chanzo cha anoreksia ni familia yenyewe, kwa namna inavyombana binti na kukwepa kusema yanayoiudhi. Nadharia hiyo haikuthibitika. Mwaka 1987 timu ya Hospitali ya Maudsley ya London ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wagonjwa walioanza kuugua kabla ya kufikisha miaka 19, na ambao ugonjwa wao haukuwa umedumu zaidi ya miaka 3, walipata nafuu kubwa zaidi walipotibiwa pamoja na familia zao kuliko walipotibiwa peke yao. Mwaka 2010 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maradhi ya ulaji kilichapisha tamko la kupinga dhana kwamba familia ndiyo chanzo pekee au chanzo kikuu. Mdogo wako ana miaka 18 na ameugua kwa miezi tu. Yumo katika kundi ambalo ndugu yake wa karibu ni sehemu kubwa ya dawa, kwa hiyo shangazi wanaokufanya ujitenge naye kwa aibu wanamnyima mdogo wenu msaada anaouhitaji kuliko mwingine wowote.

Pengine utauliza kwa nini yeye na si wewe, ikiwa mmezaliwa na wazazi wale wale na mmekula chungu kimoja. Uchunguzi wa pacha uliofanywa katika nchi kadhaa unaonyesha kwamba takriban nusu ya tofauti baina ya watu katika uwezekano wa kupata anoreksia inatokana na kurithi. Mwaka 2019 watafiti wa nchi nyingi walilinganisha jeni, yaani vinasaba, za wagonjwa karibu 17,000 na za watu wasiougua, wakakuta maeneo 8 ya jeni yanayohusiana na ugonjwa huu. Baadhi ya uhusiano waliouona ulikuwa na maradhi mengine ya akili, kama msongo wa mawazo na hali ya kurudiarudia jambo bila kuweza kuacha, na mwingine ulihusu namna mwili unavyotumia sukari na mafuta. Ndugu wa tumbo moja hawagawani jeni kwa namna moja. Mara nyingi anayeugua ni yule aliyekuwa mtoto makini kupita kiasi, mwenye wasiwasi, anayerudia kazi ya shule mpaka iwe safi, anayesifiwa na walimu na asiyewasumbua watu nyumbani. Kurithi si hukumu, kwani wengi wenye jeni hizo hawaugui kamwe. Ila inatosha kukuondolea dhana kwamba binti huyu anaringa au amechagua kuwatesa.

Majirani wanaosema ni simu na kuiga Wazungu wana sehemu ya ukweli, lakini wameikuza mno. Mwaka 1689 daktari Richard Morton wa London aliandika habari za binti wa miaka 18 aliyesoma vitabu mchana na usiku, akakoma hedhi na kukonda mpaka akabaki mifupa iliyofunikwa ngozi, bila homa, bila kikohozi na bila kupumua kwa shida. Katika kitabu hicho hicho alimweleza pia kijana wa kiume wa miaka 16, jambo la kukumbukwa na wanaodhani kwamba ugonjwa huu huwapata wanawake peke yao, ingawa ni kweli kwamba huwapata wao zaidi. Mwaka 1873 William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris waliueleza kila mmoja kwa upande wake, na jina tunalolitumia hadi leo lilitoka kwa Gull. Wakati huo hapakuwa na televisheni wala simu ya picha.

Picha zina nguvu yake, nami siikatai. Katika eneo la Nadroga huko Fiji, ambako kwa jadi mwanamke mnene ndiye anayesifiwa kama ilivyo kwetu Usukumani, televisheni iliingia mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule wiki chache baada ya kuingia kwake, kisha akahoji kundi lingine mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema kwamba anajitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa takriban 11 katika kila 100. Lakini wasichana wengi waliotazama televisheni ile ile hawakufanya hivyo. Picha huongeza hatari kwa aliye tayari katika hatari, na kumpunguzia mdogo wako kurasa za mizani na viuno ni busara. Kumnyang'anya simu ukitarajia kwamba ugonjwa utaondoka nayo ni kujidanganya, na kutamkatia marafiki anaowahitaji.

Isitoshe, si kila anayejinyima chakula anatafuta urembo wa wembamba. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi wa kike wa kaskazini mashariki mwa Ghana, ambako walipatikana wasichana 10 waliokuwa wamejikondesha kwa kujinyima chakula. Hawakuzungumzia umbo wala uzito. Walizungumzia kujitawala, kuishinda njaa na kuwa safi mbele ya Mungu. Nadhani maelezo hayo yanamfaa mdogo wako kuliko habari zozote za kuiga Wazungu. Kwa Watanzania pia, utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliowahoji zaidi ya wasichana na wanawake 200, ulikuta dalili za maradhi ya ulaji miongoni mwao. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba ugonjwa huu haupo kwetu, au kwamba ni wa mabinti wa matajiri wa Capri Point wala haufiki kwa binti wa muuza dagaa.

Mfungo wenyewe nao usiugeuze kuwa mshtakiwa mpya. Waumini wengi walifunga pamoja naye na siku ya kufungulia walikula kwa furaha. Mfungo ulikuwa mlango alioingilia yeye, na kwa binti mwingine mlango huo ungekuwa kujipunguza ili atoshe katika sare ya send-off, au ugonjwa wa tumbo uliomkondesha akasifiwa. Katika utafiti wa wanafunzi nchini Australia uliochapishwa mwaka 1999, wasichana waliojinyima chakula kwa ukali walikuwa na uwezekano wa kupata ugonjwa wa ulaji mara 18 zaidi ya wale ambao hawakujinyima. Baadhi ya watu wenye wasiwasi mwingi hupata utulivu wanapokuwa na njaa. Akili inatulia, hofu inapungua, na kwa mara ya kwanza binti anahisi kwamba kuna jambo analimudu. Utulivu huo ndio unaomfanya aendelee wengine wanapoacha.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloona ni zito kuliko yote. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana wa kiume 36 waliojitolea, wenye afya njema ya mwili na akili, akawapunguzia chakula kwa wiki 24 mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Lengo lilikuwa kujua namna ya kuwalisha watu waliokumbwa na njaa ya vita. Vijana hao hawakuwa na hamu ya kukonda, hawakuwa na masimango ya utotoni, wala hakuna aliyewaroga. Walianza kuwaza chakula mchana kutwa na kukiota usiku. Baadhi walikusanya vitabu vya mapishi, ilhali awali hawakujali upishi. Walikaa na sahani moja kwa muda mrefu, wakikatakata chakula na kukichanganya kwa namna za ajabu. Wakawa wakali, wenye huzuni, wakajitenga na wenzao, na hamu ya wanawake ikawatoka. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula kiasi kikubwa mno bila kusikia shibe, na ilichukua miezi kabla ya hali zao kutulia.

Linganisha hayo na uliyoniandikia. Kupikia watu vizuri huku yeye hali, kukatakata chakula, kula kwa fujo usiku, kununa na kujitenga, mambo ambayo ukoo wenu unayasoma kama kiburi, unafiki au jini, ni kazi ya njaa kwenye ubongo wa binadamu yeyote. Kwa mgonjwa wa anoreksia inaongezeka shida nyingine. Mwili wenye njaa ya muda mrefu hupunguza kasi ya tumbo kusukuma chakula, hivyo anapokula kidogo hujisikia amejaa na kuvimbiwa kweli. Wasiwasi unaoletwa na njaa humfanya ashikilie zaidi sheria zake za kula, na akili iliyochoka haiwezi kuona kwamba inaumwa. Ni kama sato aliyenasa kwenye nyavu ya makila, ambaye kila anapojivuta mbele nyuzi humkaza zaidi. Ndiyo maana mdogo wako anapokuambia kwamba haumwi hakudanganyi. Hiyo ni dalili ya ugonjwa wenyewe. Na ndiyo maana kumsubiri mpaka agundue chanzo, au mpaka atake kupona, ni kumwacha aendelee kuzama. Chakula hutangulia, na mazungumzo marefu kuhusu chanzo hufuata ubongo ukishapata nguvu ya kuyabeba.

Kuhusu baba mdogo, sikushauri ugombane naye, kwa kuwa ugomvi utaugawa ukoo wakati mnahitaji watu wa kukaa naye. Maombi yaendelee kama mnavyopenda. Jambo ambalo usilikubali hata kidogo ni dawa ya kumtapisha, ya kumharisha, au sharti lolote la kumzuia asile. Kutapika mara kwa mara huondoa madini ya potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo huvurugika na mtu anaweza kufa ghafla, hata kama jana yake alikuwa anatembea. Hali kadhalika usimpe vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa mitaani, kwani baadhi yake vina steroidi, yaani dawa kali za aina ya homoni, zinazovimbisha uso bila kumlisha na kumletea madhara mengine.

Lipo jambo la ukanda wetu huu wa Ziwa ambalo watafiti wa mbali hawalioni kwa urahisi. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walikuwa Kagera, mwaka 1983, na tangu hapo mtu akikonda katika pwani hii ya Ziwa watu hunong'ona jibu moja. Mlifanya vyema kupima VVU na kifua kikuu, na hata kichocho cha tumbo kinafaa kupimwa kwa mtu anayeishi kando ya maji. Hatari ni kwamba majibu yakitoka safi, familia huambiwa kwamba mgonjwa hana kitu na kurudishwa nyumbani. Majibu hayo yanamaanisha tu kwamba si magonjwa yale. Kumbuka pia kwamba wanaougua bulimia, yaani wanaokula kwa fujo na kujitapisha bila kukonda hivi, huonekana wa kawaida au hata wanene, na kwao dalili huwa meno yaliyoliwa na asidi, mashavu yaliyovimba kama ya mwenye matumbwitumbwi, na makovu kwenye vifundo vya vidole. Kama mdogo wako ataongezeka kilo lakini akaendelea kutapika, bado anaumwa.

Sasa mfanye nini. Mpeleke hospitali wiki hii, iwe ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure au Bugando ambako kuna idara ya afya ya akili. Eleza mambo yote kama ulivyoniandikia, pamoja na tarehe alizoanza kukonda na mara anazotapika kwa wiki, kwa sababu mbele ya daktari yeye mwenyewe atayapunguza. Omba apimwe uzito, joto la mwili, shinikizo la damu na mapigo akiwa amelala na akiwa amesimama, umeme wa moyo, na damu kwa ajili ya potasiamu, fosfeti, magnesi na sukari. Akizimia, akihisi moyo kwenda mbio au kuruka, miguu ikivimba, mapigo yakiwa chini ya 50 kwa dakika akiwa macho, au akisema neno lolote la kutaka kufa, usisubiri kliniki. Mpeleke idara ya dharura saa hiyo hiyo.

Kipimo cha damu kina sababu nyingine. Mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu akishibishwa ghafla, madini hayo, hasa fosfeti, huingia kwenye seli kwa kasi na kupungua katika damu, na moyo unaweza kushindwa. Madaktari waliliona jambo hili kwa wafungwa waliotoka kwenye njaa ya Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo kama siku za karibuni amekuwa akila kidogo mno, mwache daktari apange kiwango cha kuanzia, na msimfanyie karamu ya kumkomboa.

Daktari akishaona kwamba ni salama kumlisha nyumbani, ale milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu kwa siku, kwa saa zinazojulikana, na asile peke yake. Uji wa lishe wenye maziwa, wali na maharage, ugali na sato, parachichi, vyakula ambavyo nyote mnakula. Kwa sasa asipakue yeye wala asipike yeye, hata kama ndiyo sifa yake. Mkae naye mezani mpaka amalize, na mkae naye kwa saa moja baadaye mkizungumza mambo mengine, ili asiende kutapika. Msibishane naye kuhusu uzito, msimsifu kwamba amejazia wala kumdhihaki kwamba amekuwa kimbaumbau, na msitoe vitisho. Atalia, atakasirika, anaweza hata kusema kwamba mnamchukia. Mjibu kwa utulivu kwamba chakula ni dawa yake na kwamba hamwondoki. Hakuna kidonge kinachoponya anoreksia, ingawa daktari anaweza kuona haja ya kutibu huzuni au wasiwasi unaoambatana nayo. Na ikiwa siku moja atakuambia kwamba aliwahi kufanyiwa ukatili wa aina yoyote, msikilize bila kumhoji kama polisi, kisha umjulishe daktari. Wapo wenye historia hiyo na wapo wengi wasio nayo, kwa hiyo usimlazimishe kuitafuta.

Najua kwamba wewe unatoka nyumbani alfajiri kuwahi mnada wa dagaa, na kifungua kinywa ndicho mlo anaoukwepa kwa urahisi zaidi. Waite shangazi zako, waeleze haya niliyoandika, kisha umwombe mmoja wao ahamie kwenu kwa miezi michache akae na mtoto asubuhi. Mchungaji naye amwite binti amwambie kwa kinywa chake kwamba mgonjwa hafungi, na kwamba ameondolewa mfungo mpaka daktari atakaporuhusu, kwa maana neno hilo likitoka kwako atalipinga, na likitoka kwa mchungaji huenda akalikubali. Hedhi isiporudi baada ya uzito kurejea, au ikiwa wiki tatu zinapita bila kilo kuongezeka, rudini kliniki kabla ya tarehe mliyopewa.